Mvua, Mbung'o na Malisho katika Nchi ya Nachingwea

Likitajwa jina la Nachingwea, watu wengi hukumbuka karanga, na wenye umri mkubwa hukumbuka pia kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji. Ni wachache wanaolihusisha jina hilo na ng'ombe. Wala hawakosei, kwani kwa sehemu kubwa ya historia yake nchi hii iliyo baina ya mabonde ya Mbwemkuru na Lukuledi, ambayo tangu mwaka 1995 imegawanyika katika wilaya mbili za Nachingwea na Ruangwa, ilikuwa nchi ya jembe na ya upinde. Wamwera, Wangindo, Wamakua, Wayao na Wamakonde waliokaa humo walifuga kuku na mbuzi, wakawinda nyama ya porini, wakalima mtama, na baadaye mahindi na muhogo. Ndoa zao hazikuhesabiwa kwa ng'ombe. Kijana aliyetaka mke alikwenda kulima shamba la wakweze, na heshima yake ikapimwa kwa mikono yake.

Leo mtu akisafiri katika nchi hiyo wakati wa kiangazi atakutana na makundi ya ng'ombe wakiteremka kuelekea mabondeni, nyuma yao vijana wenye fimbo waliozaliwa mbali na hapo, au waliozaliwa hapo hapo na wazazi waliotoka mbali. Ng'ombe hao wamefikaje? Jibu linalosemwa upesi ni kwamba mvua zimepungua kaskazini, na mfugaji hufuata majani. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyo muhimu zaidi kwa mtu anayefundisha historia. Makala haya yatajaribu kuonyesha kwamba nchi ya Nachingwea imepimwa vibaya zaidi ya mara moja na watu waliohesabu jumla ya mvua yake bila kuuliza inanyesha lini, na waliotazama pori lake bila kuuliza nani alikuwa akikaa humo.

Yafaa basi tuanze na mvua yenyewe. Mwanafunzi wa Arusha au wa Tanga hufundishwa kwamba mwaka una vuli na masika. Kusini hakuna mambo hayo mawili. Mvua huja na pepo za kaskazi, jua likiwa limehamia upande wa kusini wa dunia. Huanza mwishoni mwa Novemba au katikati ya Desemba, nayo hukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei. Ni mvua moja tu kwa mwaka, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huitolea utabiri wake peke yake pamoja na mikoa mingine ya aina hiyo, ikiuita utabiri wa Msimu. Kwa kawaida Nachingwea hupata milimita 800 hadi 1,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mtu wa Dodoma angekitamani sana. Lakini ndani ya msimu huo mara nyingi huwamo pengo, siku nyingi kavu mnamo Januari au Februari, na mahindi yakiwa yanatoa mbelewele wakati huo, pengo la majuma mawili au matatu laweza kuwa njaa ya mwaka mzima. Kisha, tangu Mei hadi Novemba, mbingu hufungwa. Ni miezi sita au saba ambayo mito midogo hubaki mchanga.

Sasa tazama mvua hiyo inavyofanya majani. Mtu asiyefuga hudhani kwamba penye mvua nyingi pana malisho mazuri. Wafugaji wanajua kuwa sivyo. Katika misitu ya miyombo, ambayo ndiyo iliyofunika sehemu kubwa ya nchi hii, majani huota upesi Desemba na Januari, yakawa matamu kwa muda mfupi, kisha yakarefuka kumpita mtu kimo. Kufikia Juni yamekuwa mabua. Nguvu yote imekwisha kuondoka, na ng'ombe aweza kushiba tumbo huku akikonda. Katika nchi kavu zaidi, kama ile ya Ugogo au mbuga za Wamasai, majani hubaki mafupi, lakini yakikauka hubaki na rutuba yake, na mnyama huweza kuyala hadi mwezi wa mwisho wa kiangazi. Kwa hiyo Nachingwea ina majani mengi yasiyofaa kwa nusu ya mwaka, na majani machache yanayofaa kwenye mabonde yenye unyevu. Anayeyafahamu haya hatashangaa kwa nini ugomvi wote wa malisho katika nchi hii hutokea mabondeni, wala kwa nini hutokea baina ya Julai na Novemba.

Lakini kabla ya habari ya majani kulikuwa na habari ya mbung'o. Mwezi Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani, akaanza safari yake ya mwisho kufuata mto Ruvuma kuelekea Ziwa Nyasa. Safari hiyo ilikuwa na wanyama wa ajabu kwa wenyeji waliowaona: ngamia, nyati wa kufugwa kutoka Bara Hindi, nyumbu na punda. Mojawapo ya makusudi yake lilikuwa kujaribu kama wanyama hao wangeweza kustahimili kuumwa na mbung'o. Jaribio hilo halikuleta jibu safi, kwa sababu askari wa Kihindi waliokuwa wakiwasimamia wanyama waliwapakia mizigo kupita kiasi na kuwatesa, na Livingstone mwenyewe alilalamika sana juu ya jambo hilo. Muda haukupita mrefu wanyama wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Naitaja habari hii si kwa ajili ya sifa za msafiri huyo, ambaye vitabu vyake vimekwisha kusomwa vya kutosha, bali kwa kuwa inaonyesha kwamba zaidi ya miaka 150 iliyopita watu wa nje walikwisha kujua ugumu wa kumpitisha ng'ombe kusini.

Je, mbung'o walikuwako kila mahali tangu mwanzo? Hapa wanahistoria wametufundisha jambo la maana. Helge Kjekshus, katika kitabu chake juu ya mazingira na historia ya Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 1977, alieleza kwamba kabla ya ukoloni wakulima na wafugaji waliwazuia mbung'o kwa kazi zao wenyewe. Walilima, walikata miti, walichoma majani kwa wakati wake, na pori lililokaliwa na watu halikuwa maskani mazuri ya nzi huyo wala ya wanyama wa mwituni anaowanyonya. Watu walipopungua, pori lilirudi na mbung'o wakarudi nalo. Wengine wamemkosoa kwa kuipamba mno hali ya zamani, na nadhani wana sababu. Hata hivyo kwa nchi ya kusini hoja yake ina nguvu, kwani ni nchi chache zilizopungukiwa na watu mara nyingi hivyo kwa muda mfupi.

Fikiria mfululizo wake. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilipita humo ikitoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, waliishambulia Masasi. Miaka ya 1890 ilianza kwa sotoka, iliyoangamiza ng'ombe na nyati katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Kisha ikaja Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, ambamo Wangindo na Wamwera walishiriki tangu siku za kwanza. Wajerumani waliwashinda watu kwa njaa kuliko kwa risasi. Walichoma vijiji, ghala na mashamba. Gilbert Gwassa, aliyeichunguza vita hiyo kwa makini, alikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Haikupita miaka kumi kabla Vita Kuu ya Kwanza haijafika, na mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917, yaliyokuwa makali kupita mengi katika Afrika Mashariki, yalipiganwa upande huo huo wa kusini. Majeshi ya pande zote yalikula chakula cha wananchi na kuwachukua vijana wao kubeba mizigo. Huko Liwale, magharibi yake, serikali ya Waingereza katika miaka ya 1940 iliwahamisha watu kwa sababu ya malale, na nchi waliyoiacha ikaingizwa katika pori la akiba la Selous.

Pori lililoonekana na wageni kuwa ni la tangu kuumbwa kwa ulimwengu, kwa sehemu lilikuwa mahame. Mtu akitembea ndani yake hukuta mwembe mkongwe umesimama peke yake katikati ya miyombo, au mawe ya kusagia, na mwenyeji humwambia ni kwa nani.

Wageni waliokuja mwaka 1946 hawakutembea sana. John Wakefield na wenzake wawili waliitazama Tanganyika na nchi jirani kwa muda wa wiki tisa hivi, tena kwa sehemu kubwa kwa ndege, wakapeleka ripoti London. Uingereza baada ya vita ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na hoja iliyoanzishwa na Frank Samuel wa kampuni ya United Africa ilikuwa kwamba karanga za Afrika zingeuondoa. Mpango ulikuwa wa ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107, kila shamba ekari 30,000. Kati ya mashamba hayo, 55 yalitakiwa yawe katika Jimbo la Kusini, yaani katika nchi ya Nachingwea, ambayo iliaminiwa kuwa ndiyo bora kuliko zote. Reli ilijengwa kutoka pwani, bandari ya maji marefu ikachimbwa Mtwara.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, nayo ilianza vibaya. Mahali pale hupata mvua chache, tena zisizoaminika, na Wagogo, ambao ndio wenyeji, wamejenga maisha yao yote juu ya kutoaminika huko: mashamba madogo mahali mbalimbali, na ng'ombe waliogawanywa kwa ndugu na marafiki wa vijiji vya mbali ili ukame wa mahali pamoja usimalize zizi zima. Wataalamu wa karanga walikuwa na wastani wa mvua katika vitabu vyao. Wastani haunyeshi. Mwaka wa kwanza zilipandwa ekari 7,500 hivi tu. Udongo mwekundu ulioshindiliwa na mvua na kuchomwa na jua uligeuka kuwa kama saruji, karanga zikakwama ardhini, na majembe ya matrekta yakaliwa na changarawe. Nachingwea ilikuwa na mvua bora kuliko Kongwa, lakini msitu wake ulikuwa mzito, na pengo la katikati ya msimu lilikuwako kama lilivyokuwako siku zote. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuvunja mpango mkubwa. Zaidi ya pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili 1952, kimbunga kilipiga pwani ya Lindi, kana kwamba hali ya hewa ya kusini ilitaka kuongeza neno lake.

Mambo yaliyofuata hufundishwa kwa nadra, na kwa habari yetu ndiyo makubwa. Mwaka 1955 mabaki ya mashamba yote matatu, Kongwa, Urambo na Nachingwea, yalikabidhiwa kwa Shirika la Kilimo la Tanganyika. Kongwa iligeuzwa kuwa ranchi ya ng'ombe. Miti iliyokwisha kung'olewa kwa ajili ya karanga iliacha mbuga iliyofaa malisho, na kile ambacho Mgogo angemwambia mtaalamu bila malipo, kwamba ile ni nchi ya ng'ombe kwanza na ya shamba baadaye, kikathibitishwa kwa gharama ya mamilioni. Ranchi hiyo iliendelea hata baada ya uhuru chini ya shirika la taifa la ranchi, NARCO, lililoanzishwa mwaka 1968. Nachingwea haikuchukua njia hiyo. Ardhi yake iliyofyekwa iligawiwa kwa sehemu kwa wakulima wapangaji, na sehemu nyingine ikaachwa. Reli ilifungwa mwaka 1962. Moja ya mashamba hayo lilikuja kuwa kambi ya FRELIMO, ambako Samora Machel aliwafunza wapiganaji wake; na nadhani hakuna ekari za mpango wa karanga zilizozaa matunda makubwa kuliko hizo. Palipoachwa, miyombo iliota tena.

Kisha vikaja vijiji. Mkoa wa Mtwara, ambao hadi mwaka 1971 ulijumuisha Lindi, ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyotangulia katika kuwakusanya watu vijijini, kwa sehemu kwa sababu ya vita iliyokuwa ng'ambo ya Ruvuma. Shule, visima na zahanati viliwafikia watu wengi ambao wasingefikiwa. Wakati huo huo mashamba ya mbali yaliachwa, na mahame yakaongezeka juu ya mahame ya zamani. Kwenye ramani za maofisa, kusini kukawa na nafasi kubwa nyeupe.

Hapa hatuna budi kuiacha Nachingwea kwa muda na kwenda Hanang, maana ng'ombe tuliowataja mwanzo walianzia safari huko na katika mahali pengine mfano wa huko. Wabarbaig, ambao wengi huwaita Wamang'ati, walilisha mifugo yao kuzunguka mlima Hanang kwa utaratibu wa kuhama kutoka aina moja ya malisho hadi nyingine kadiri mvua ilivyobadilika. Bonde lenye udongo mzuri na unyevu uliodumu lilikuwa kiungo cha mzunguko huo. Bila bonde hilo mzunguko wote hukatika. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, shirika la taifa la kilimo NAFCO lilianzisha huko Basotu mashamba makubwa ya ngano, ambayo hatimaye yalifikia kama ekari 100,000. Ngano ilitakiwa na taifa, hilo halina ubishi. Lakini mfugaji aliyenyang'anywa bonde alibaki na majani ya milimani yasiyotosha kiangazi, na ukame ulipokuja, kama ule wa miaka ya 1973 hadi 1975, haukumkuta na mahali pa kukimbilia. Mtu anayesema kwamba Wabarbaig waliondolewa na ukame, na asitaje ngano, anasimulia hadithi iliyokatwa kichwa.

Wengi waliteremka hadi Usangu, katika wilaya ya Mbarali, ambako walikutana na Wasukuma na Wamasai waliofika kwa sababu zao wenyewe. Usangu ina maeneo ya majimaji, yaliyo maarufu kwa jina la Ihefu, nayo hushika maji hata katikati ya kiangazi. Kwa miaka mingi ilikuwa pepo ya wafugaji. Kuanzia mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa, na umeme wa Mtera ulipopungua, mfugaji alitajwa kuwa ndiye mkosaji. Wataalamu waliopima maji walionyesha pia mifereji ya mpunga iliyoyachukua maji juu ya bonde, lakini ng'ombe huonekana kwa urahisi kuliko mfereji. Mwaka 2006 serikali iliamuru wafugaji waondoke, na mwaka huo na uliofuata makundi makubwa yalisafirishwa na kuswagwa kuelekea mikoa ya Pwani na Lindi. Mifugo mingi ilikufa njiani na baada ya kufika. Malalamiko yalikuwa mengi hata tume ya uchunguzi ikaundwa mwaka 2007. Mwaka 2008 Ihefu iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Hivyo ndivyo ng'ombe alivyofika kwa wingi katika mkoa wa Lindi. Hakuvutwa na majani ya Lindi. Alisukumwa kutoka nyuma mara mbili, akapelekwa penye nafasi nyeupe.

Mbung'o waliokuwa mlinzi wa nchi hii tangu siku za Livingstone hawakumzuia tena kama zamani, kwa kuwa siku hizi ziko dawa za sindano na za kuogesha; mfugaji hulipa gharama, hupoteza baadhi ya ng'ombe kwa nagana na kwa ndigana, naye huendelea. Lakini kizuizi kingine kilikuwako ambacho hakina dawa dukani, nacho ni tofauti ya kalenda. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha jambo.

Katika Usukuma na Ugogo, mavuno yakiisha, shamba huwa la wote. Ng'ombe wa jirani huingia, hula mabua, huacha samadi, wala hakuna anayekasirika. Kumkataza ni uchoyo. Desturi hiyo imezaliwa na nchi ambayo kiangazi hakiachi kitu shambani. Nachingwea na Ruangwa si hivyo. Mkulima huvuna mahindi Mei au Juni, lakini kati ya mistari ya mahindi alikwisha kupanda mbaazi, ambazo huishi kwa unyevu uliobaki ardhini na kuvunwa Agosti na Septemba. Ufuta wake hufungwa matita na kusimamishwa shambani ukauke. Muhogo wake hukaa ardhini mwaka mmoja na hata miwili, nao ndio ghala lake la njaa. Na mikorosho, ambayo tangu miaka ya 1950 imekuwa fedha ya nchi hii, huangusha korosho kuanzia Septemba au Oktoba, wakati ng'ombe wana njaa kupita wakati wote, na mabibo yananukia hadi njiani. Mchungaji aliyelelewa Meatu anapotazama shamba lisilo na mahindi mwezi Julai, huona shamba lililovunwa. Mwenye shamba anapotazama shamba lile lile, huona nusu ya chakula chake.

Katika utumishi wangu nimepata kuketi katika mikutano ya vijiji ambako jambo hili lilijadiliwa, na nimesikia mzee wa Kimwera akimwuliza kijana wa Kisukuma kwa upole, "Mwanangu, kwenu mbaazi huziita nini?" Kijana akajibu, "Kwetu hatulimi, Mzee." Nilikumbuka jibu hilo kwa muda mrefu kuliko hotuba zote za siku ile.

Watu wetu walikuwa na chombo cha kupunguza makali ya mambo kama haya, yaani utani. Wanyamwezi na Wasukuma wana watani katika makabila mengi yaliyo kando ya njia za misafara, hadi pwani. Chanzo cha utani, kama wazee wanavyosimulia, ni kukutana: vita vilivyokwisha kwa mapatano, biashara, safari za pamoja. Sijapata kusikia utani baina ya Wamwera na Wabarbaig. Ungetoka wapi? Mbung'o waliwatenga kwa karne nyingi, hawakupigana wala kuuziana, na siku walipokutana walikutanishwa na amri, hawana wimbo hata mmoja wa kutukanana kwa salama. Pengo la namna hiyo si dogo. Kule Rudewa-Mbuyuni, wilayani Kilosa, mwezi Desemba 2000 watu zaidi ya thelathini waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mwalimu anayesomesha watoto wa pande zote mbili katika darasa moja hapaswi kuisahau tarehe hiyo.

Nayo mvua haijakaa mahali ilipokuwa. Mwaka 2019 ulimalizika kwa joto lisilo la kawaida la Bahari ya Hindi upande wetu, na Januari 2020 mafuriko yaliukumba mkoa wa Lindi yakaua watu na kukata barabara. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita karibu na kupiga kaskazini ya Msumbiji. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikaharibu barabara ya Lindi. Wataalamu wa dunia wanatarajia kwamba mvua kubwa za mara moja zitaongezeka Afrika Mashariki kadiri joto linavyozidi. Kwa malisho, maji yanayokuja kwa siku mbili na kukimbilia baharini hayana faida sawa na yale yanayonyesha polepole kwa mwezi. Yanaongeza majani marefu ya Januari na kuacha kiangazi kama kilivyokuwa, au kirefu zaidi iwapo Novemba itapita bila mvua. Hata mbung'o wameguswa. Katika bonde la Zambezi, upande wa Zimbabwe, utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba nzi hao wamepungua sana huko tangu miaka ya 1990 pamoja na kupanda kwa joto, na watafiti wakadhani kwamba huenda wakahamia nchi za juu zaidi zenye ubaridi. Ikiwa mabonde ya joto ya kusini yatafuata njia hiyo, lango lililobaki litafunguka zaidi, na ng'ombe watakuwa wengi kuliko leo.

Sheria zipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi yake, na Sheria ya Maeneo ya Malisho ya mwaka 2010 inataka malisho yatengwe na kutunzwa. Wasukuma wenyewe walikuja na elimu yao ya ngitili, yaani kulifunga eneo wakati wa mvua majani yakue, kisha kulifungua katikati ya kiangazi. Elimu iliyofufuliwa Shinyanga tangu mwaka 1986 kwa mradi wa hifadhi ya ardhi ulioitwa HASHI. Lakini ngitili ya Shinyanga haiwezi kuhamishwa kama ilivyo. Majani ya Nachingwea yakifungwa hadi Agosti huwa mabua, na moto wa wawindaji huyafikia kabla ya ng'ombe. Yafaa yalishwe mapema, au yakatwe Machi na Aprili na kukaushwa yakiwa bado na nguvu, na mabonde yagawanywe kwa mwezi, si kwa ekari peke yake: hadi mwezi gani ni ya mbaazi na mboga, kuanzia mwezi gani ng'ombe wanaweza kushuka kunywa, na kwa njia ipi. Vijiji vingine vimeanza kupatana hivyo.

Liko jambo moja dogo ambalo maofisa wenzangu wanaopima vijiji watalitambua. Mapito ya ng'ombe mara nyingi huchorwa kiangazi, kwa sababu ndipo gari linapofika. Mistari hufuata kijito kikavu, mwembe, kichuguu, na wote hukubaliana wakiwa wamesimama juu ya ardhi iliyoungua, wanaona hadi mbali. Ukirudi mwezi Machi na ramani ile ile, kijito kimejaa, majani yamempita mtu kimo, kichuguu hakionekani, na mchungaji mgeni na mkulima wote wawili huweza kuapa kwa nia njema kwamba njia ilipita upande mwingine.